Pimbi na Chungu cha Njugu Mawe

Hapo zamani za kale, zamani za kabla bibi wa bibi yangu hajaota meno, wanyama walikaa kwenye nyumba, wakapika, wakagombana na majirani zao kama sisi tunavyogombana. Katika kijiji cha Jabalini aliishi Pimbi. Mnamjua Pimbi: yule mnyama mdogo wa kwenye mawe, mnene kidogo, asiye na mkia wa kujivunia. Siku hizi mtu mfupi akitaniwa huitwa kwa jina lake. Nisikilizeni kwanza, ndipo muamue kama hilo ni tusi.

Pimbi alikuwa mjane mwenye watoto watatu, na alikaa kwenye pango alilozaliwa. Pango lenyewe lilikuwa zuri. Jua likiwaka nje mpaka mawe yanalia, ndani palikuwa na baridi ya kupendeza, na kule nyuma ukutani maji yalidondoka, to, to, to, mtungi mmoja kwa siku. Kiangazi cha mwaka ule mito yote ilikauka, na mtungi mmoja wa maji ukawa ndio uhai.

Basi wakubwa wakaanza kulitamani. Wa kwanza alikuwa Bwana Nyati, aliyedai kwamba babu yake aliwahi kujikinga mvua pale, kwa hiyo pango ni la ukoo wao. Pimbi alimweleza kwa adabu kwamba mlango ni mwembamba, kitakachoingia ni kichwa tu. Nyati akajibu kwamba kichwa kinamtosha. Wa pili alikuwa Bwana Fisi. Yeye hakuwa na babu wa kumtaja. Alisema tu kwamba ameota pango ni lake, na ndoto yenyewe ilikuwa ndefu.

Sasa, Jabalini shauri la nyumba halikuamuliwa kwa pembe wala kwa meno. Waliwahi kufanya hivyo, wakabaki na nyumba nyingi na wenye nyumba wachache. Tangu hapo wakaweka desturi ya chungu. Wanaogombana huketi kwenye mkeka mmoja, mbele ya chungu cha njugu mawe. Moto ukishawashwa ni marufuku kusema neno, na ni marufuku kuinuka. Njugu zikiiva, atakayekutwa ameketi ndiye mwenye nyumba. Asipokutwa mtu, shauri huanza upya siku ya pili yake.

Na ninyi ambao mama zenu hupika njugu mawe mnajua habari yake. Zinawekwa motoni asubuhi, mchana zinakugongea chunguni kama kokoto, na wewe umeshakula kiporo cha jana kwa njaa.

Pimbi aliposikia kwamba kesi yake inakwenda kwenye chungu, alijifungia ndani akalia. Hakumlilia Nyati wala Fisi. Alijililia mwenyewe, kwa sababu alijijua. Pimbi alikuwa hatulii. Akitoka kwenda kuchuma majani, anarudi mara tatu kuangalia kama amezima moto. Akila, anainuka katikati ya tonge kwenda kuangalia kama watoto wako salama, na watoto wenyewe wameketi naye kwenye sinia hiyo hiyo. Mtu wa namna hiyo atakaaje mbele ya njugu mawe? Aliwatazama watoto wake, akaona wazi kwamba wiki ijayo watalala juani bila tone la maji, na kosa litakuwa lake.

Zilibaki siku tatu. Asubuhi ya kwanza aliteleka chungu kidogo cha maji, akaketi mbele yake kujijaribu. Kabla maji hayajachemka alikuwa ameinuka mara kumi na moja. Lililomshangaza ni kwamba kila alipoinuka, alikuwa na hakika kabisa kuna mtu amemwita.

“Ni nani huyu anayeniinua?” akajiuliza, akaamua kumkamata.

Asubuhi ya pili akaketi kwa kuvizia, kama mtu anayemvizia mwizi wa kuku. Ili asisinzie, akaiweka akili yake puani, kwenye pumzi. Inaingia, inatoka. Inaingia, inatoka. Hakukaa sana akasikia: umeacha chumvi wazi. Akageuka kwa kasi, hakuna mtu. Akasikia: watoto wako kimya mno. Akageuka, hakuna mtu. Nyati atakukanyaga. Hakuna mtu. Ndipo alipogundua kwamba sauti zote zile zilikuwa yake mwenyewe, zikitoka humo humo kichwani, moja nyuma ya nyingine.

Alikasirika sana. Akaziambia zitoke, zimwache, ziende kwao. Hapo ndipo alipokosea, maana mgeni ukimfokea mlangoni umeshaanza mazungumzo naye. Mawazo yakaingia ndani, yakaketi, yakaita na jamaa zao. Haukupita muda, majirani wakamwona Pimbi yuko nje anakimbia huku na huku na ufagio mkononi. Wakamuuliza anamfukuza nani. Pimbi akasema hajui.

Akarudi ndani hoi. Akakaa hivyo hivyo, ufagio mapajani, akafikiri juu ya wageni. Desturi ya hodi mnaijua: mgeni hubisha mara tatu, na asipoitikiwa hugeuza njia akaenda zake bila kinyongo. Yeye Pimbi, maisha yake yote, kila hodi ya kichwani alikuwa ameiitikia karibu. Tena hakuishia hapo, alimwandalia mgeni chai na maandazi.

Akaketi mara nyingine. Inaingia, inatoka.

“Hodi,” likasema wazo. “Umeacha moto unawaka.”

Safari hii Pimbi hakulifukuza, wala hakulikaribisha. Alichungulia tu, kama unavyochungulia kwenye upenyo wa mlango, akalitambua. Kumbe ni wewe, Wasiwasi. Akarudi kwenye pumzi yake. Wasiwasi akabisha mara ya pili, kwa nguvu zaidi. Pimbi akamsikia, akatulia. Mara ya tatu akabisha kivivu, kisha akaenda zake. Pimbi akacheka mpaka machozi. Mtu aliyemwendesha mbio miaka yote ile hakuwa na hata miguu!

Msidhani ilikuwa rahisi. Wakaja wengine, mmoja mmoja, naye akajifunza kuwajua kwa majina: Hofu, Hasira, Aibu, na yule mrefu anayependa kusema “laiti ningalijua.” Likaja pia wazo la marehemu mumewe, na hilo Pimbi hakutaka liende. Alilitazama, akalia kidogo, pumzi ikaingia ikatoka, na baada ya muda nalo likaondoka polepole.

Asubuhi ya tatu aliinuka mara mbili tu, na mara moja kati ya hizo chungu kilikuwa kinaungua kweli.

Ndipo ujanja ulipomjia. Kama kichwa kidogo hivi kina wageni wengi kiasi hiki, aliwaza, je, kichwa cha Nyati? Na milango ya wakubwa wale ilikuwa haijawahi kufungwa tangu kuzaliwa kwao.

Siku ya chungu ikafika. Kijiji kizima kilijaa kwenye mawe kutazama. Mwamuzi alikuwa Mama Kobe, mpishi, aliyechaguliwa kwa sababu mbili: hakuna awezaye kumharakisha, na hadanganyiki na njugu mbichi, kwa kuwa hana jino hata moja la kuitafunia.

Kabla ya kuketi ilikuwa lazima mahasimu wasalimiane, wasalimiane hasa, na kuulizana habari za nyumbani. Pimbi akaanza na Fisi, uso wote tabasamu. Akamuuliza habari za mama watoto, akaambiwa ni njema. Akamuuliza habari za kikohozi chake, akaambiwa kimepungua.

“Na ule mguu wa ng'ombe ulioufukia karibu na kichuguu,” akasema Pimbi, “mchwa hawajaufikia?”

“Mguu gani?” akauliza Fisi upesi mno.

Lakini Pimbi alikuwa ameshasogea kwa Nyati. Akamsalimu kwa heshima zote, akauliza habari za ng'ambo ya mto, habari za ndugu, habari za afya. Kisha akainamisha kichwa kwa huruma.

“Na wale waliokuwa wakikucheka, Bwana Nyati, mmeshapatana?”

Nyati akafungua kinywa kuuliza ni akina nani. Paa! Mama Kobe akapiga kifuniko cha chungu kwa mwiko. Moto umewashwa, marufuku kusema. Kinywa cha Nyati kikabaki wazi kidogo, kisha kikafumbwa taratibu, na swali likabaki humo ndani.

Wakaketi. Fisi kulia, Nyati kushoto, Pimbi katikati kama kipande cha mwisho cha mkate kati ya wenye njaa wawili. Njugu zikaanza kugonga. Ko, ko, ko.

Pimbi akaenda puani kwake. Inaingia, inatoka. Wasiwasi akaja, kama kawaida yake, akabisha, akaenda. Hofu akaja akakaa mlangoni muda mrefu, kwa sababu pumzi ya Nyati ilikuwa ikimpepea Pimbi masikio. Pimbi akamtambua, akamwacha akae huko huko nje.

Kwa jicho la pembeni akamwona Fisi. Fisi alikuwa anatazama upande wa kichuguu. Akaacha kutazama. Akatazama tena. Midomo yake ikaanza kucheza, na ilikuwa wazi anahesabu mchwa. Mara wako kwenye kwato. Mara wamepanda goti. Fisi akafumba macho ili asiwaone, nao humo ndani ya macho wakawa wengi zaidi, wameleta na vikapu. Jasho likamtoka. Mkia ukaanza kupiga mkeka, pa, pa, pa.

Jua halijafika hata utosini, Fisi akaruka kutoka mkekani kama aliyekalia kaa la moto. Akatimka, tii, vumbi nyuma yake. Watu wakapasuka kwa kicheko. Mama Kobe akaongeza maji chunguni.

Akabaki Nyati. Huyu alikuwa mzito, na mzito hukaa. Macho yake yalikuwa yakipita kwenye nyuso za watazamaji, uso mmoja mmoja, lakini makalio yalikuwa yameshika mkeka. Njugu bado ziligonga. Pimbi akaanza kuhisi mgongo unauma, akautambua nao.

Mchana ulipofika, Kunguru akatokea angani. Lazima niwaambie kwamba Fisi alikwisha kwenda kwa Kunguru tangu jana yake, akampa ubavu wa mbuzi, akamwagiza afike mchana na kelele. Sasa Fisi mwenyewe ameshatoka mkekani, lakini Kunguru akishakula hutimiza ahadi.

“Pimbi! Pimbi!” akapiga kelele. “Mwanao mdogo ameanguka kutoka mwambani!”

Kijiji kizima kikashika pumzi. Moyo wa Pimbi ulipiga, magoti yakaanza kuinuka yenyewe. Huyu hakuwa mgeni wa kuachwa mlangoni abishe mara tatu. Huyu alikuwa mtoto.

Lakini siku tatu za kukaa zilikuwa zimempa kitu. Kabla magoti hayajanyooka, Pimbi alijiona anainuka. Akajiuliza, ninajua nini sasa hivi, hapa nilipo? Kunguru anapiga kelele, hilo najua. Nimeogopa, hilo najua. Kingine sijui, basi nisikilize. Akayatega masikio yake madogo upande wa pangoni, juu ya kelele za Kunguru na kugonga kwa njugu.

Akasikia sauti ya mtoto wa kwanza, akisema tunda ni lake. Akasikia sauti ya wa pili, akisema si kweli, aliliona yeye. Akangoja. Sauti ya tatu haikuja.

Akangoja. Pango na maji yote yaliyomo hayakuwa kitu mbele ya sauti ile ya tatu, na Pimbi alikuwa ameshajiambia kwamba akivuta pumzi moja zaidi bila kuisikia, ataondoka mbio, na Nyati achukue anachotaka.

“Mimi nimeshalila,” ikasema sauti ya tatu, mdomo umejaa.

Pimbi, ambaye makalio yake yalikuwa hayajaachana na mkeka, akatulia tena. Alikuwa analia, lakini alikuwa ameketi. Kunguru alipoona hivyo akaruka zake, maana alikuwa amelipwa aseme mara moja tu.

Nyati ndiye aliyeharibikiwa. Alikuwa ametumaini Pimbi ataondoka, na alipomwona anatulia tena, akili yake iliyokuwa imepumzika kidogo ikarudi kwenye swali lake la asubuhi. Wanaomcheka ni akina nani? Akapitisha macho tena kwenye nyuso. Safari hii yakamkuta Ngiri. Ngiri maskini, meno yake hukaa nje daima, hata msibani, na saa ile alikuwa amesinzia.

Nyati akamtazama. Meno yako nje. Akatazama pembeni, akamtazama tena. Meno bado yako nje. Pua zake zikaanza kutoa mvuke.

“Ni wewe!” akanguruma Nyati, akasimama wima. “Tangu asubuhi unanicheka!”

Ngiri aliamka akakuta nyati mzima mbele yake. Hakuuliza swali, alikimbia, na nasikia hakupunguza mwendo mpaka alipofika kijiji cha pili.

Sasa watu wote wakashangilia. Akina mama wakapiga vigelegele. Wakamwita Pimbi ainuke, wambebe juu juu. Na humo kichwani ikapigwa hodi tamu kuliko zote za siku ile. Mgeni amevaa nguo mpya, ananukia udi. Umeshinda, Pimbi, inuka ucheze!

Pimbi akaweka mkono chini ili ajiinue. Akasikia ko, ko, ko.

Njugu zilikuwa bado.

Akachungulia. Kumbe ni wewe, Furaha. Nisubiri nje kidogo. Akaurudisha mkono mapajani, akarudi puani kwake. Inaingia, inatoka. Watu wakachoka kushangilia, wakakaa. Nyati, aliyekuwa amesimama pembeni akiomba kimoyomoyo Pimbi ainuke ili kesi ianze upya, naye akachoka kuomba. Jua likaanza kushuka, kivuli cha chungu kikarefuka, na kugonga kule chunguni kukapungua, kukawa kama mtu anayezungumza na tonge mdomoni, kisha kukanyamaza.

Mama Kobe akachota njugu moja. Akaipuliza. Akaiweka kwenye ufizi, akaibonyeza. Watu walikuwa wanamtazama kidevu.

“Zimeiva,” akasema. “Pango ni la Pimbi na wanawe.”

Hapo Pimbi akainuka, akamkaribisha Furaha, na mguu uliokuwa umekufa ganzi ukamwangusha kifudifudi mbele ya kijiji kizima. Watu wakacheka, naye akacheka pamoja nao. Watoto wake watatu wakamrukia, mmoja ana maji ya tunda kidevuni.

Fisi akarudi wakati huo, mguu wa ng'ombe mdomoni, mzima, hauna hata mchwa mmoja. Alipokuta shauri limekwisha, aliuweka chini akautazama kwa uchungu mkubwa.

Nyati ndiye ambaye hakukubali. Akaja mbele ya Mama Kobe akilalamika kwamba amedhulumiwa. Pimbi amemwinua kwa hila, akasema, na kuinuliwa si kuinuka. Anadai Pimbi ataje hapa hapa, mbele ya watu, waliomcheka ni akina nani.

“Hakuna aliyekucheka, Bwana Nyati,” akasema Pimbi. “Mimi niliuliza tu kama mmepatana. Hao wengine umekaa nao wewe mwenyewe tangu asubuhi.”

“Basi ni nani aliyeniinua?” akanguruma Nyati.

Mama Kobe aliyekuwa anapakua njugu akamjibu bila kuinua kichwa kwamba yeye alikuwa hapo mchana kutwa, na hakuona mtu yeyote akimgusa. Nyati akageuka nyuma kumtafuta huyo aliyemwinua. Akageuka kulia, akageuka kushoto. Alizunguka pale kwenye mkeka mtupu kwa muda mrefu, huku watu wakimpisha na sahani zao za njugu, na hakumwona.

Na ninyi mnaonisikiliza, lishikeni hili: kichwani mwako mna sauti nyingi, na si kila sauti ni ya kuinukia.